Je, wajua kwa nini chanjo ya mafua hurudiwa kila mwaka, na Mombasa udungwe ya lini?

Chanjo ya homa ya manjano ukidungwa leo, cheti chake kinatambuliwa maisha yako yote. Sheria hiyo imeanza 2016. Ya surua, dozi mbili za utotoni zinatosha. Ya mafua, mwaka ukipita waambiwa urudi. Wengi hudhani ni biashara ya wauza dawa, kumbe sababu iko kwenye kirusi chenyewe.

Kirusi cha influenza, yaani mafua yanayolengwa na chanjo hii, kimezungukwa na miiba ya protini. Ulio muhimu zaidi huitwa hemaglutinini, na ndio unaong'ang'ania seli za pua, koo na mapafu. Chanjo huifunza miili yetu kutengeneza kingamwili za kuukamata mwiba huo. Tatizo ni kwamba kirusi hiki kikijinakili hukosea mara kwa mara na hakina cha kuyasahihisha makosa yake. Mengi ya makosa hayo hukiua. Machache huugeuza mwiba kidogo tu, lakini yatosha kuzifanya kingamwili za mwaka jana zisiushike vizuri. Miiba ya surua haiwezi kubadilika hivyo, maana ikigeuka kirusi hushindwa kuingia ndani ya seli.

Sababu ya pili ni ndogo ila ipo: kingamwili zenyewe hupungua kadiri miezi inavyopita, hasa kwa wazee. Ndiyo maana hata mwaka ambao chanjo haikubadilishwa chochote bado unashauriwa kurudi.

Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka kuchagua virusi vitakavyotiwa kwenye chanjo: Februari kwa ajili ya nchi za Kaskazini mwa dunia, Septemba kwa zile za Kusini. Baada ya hapo kazi huchukua miezi kama sita. Sehemu kubwa ya chanjo ya mafua duniani bado hutengenezwa ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete: kirusi huingizwa kwenye yai, huachwa kizaliane, majimaji huvunwa, kirusi huuliwa kwa kemikali na kukatwakatwa. Katika miezi hiyo sita, virusi vilivyoko mitaani havikai kuisubiri chanjo. Kwa hiyo hata chanjo iliyolenga vizuri hupunguza hatari ya kuugua hadi kulazimika kumwona daktari kwa asilimia 40 hadi 60 hivi. Atakayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia maneno.

Sasa tuje Mombasa. Hapa hakuna majira ya baridi ya kuogopa, na nchini Kenya influenza huzunguka mwaka mzima bila msimu mmoja ulio wazi kama wa Ulaya. Basi tarehe si jambo la kukukosesha usingizi. Cha kuangalia ni boksi. Ya Kaskazini huandikwa miaka miwili, kwa mfano 2024/2025, mara nyingi pamoja na herufi NH, na huanza kupatikana Septemba au Oktoba. Ya Kusini huandikwa mwaka mmoja na herufi SH, nayo hutoka kuanzia Machi au Aprili. Omba iliyo mpya zaidi kati ya zilizopo, kisha soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukifungua karatasi ya maelezo utakuta majina kama A/Thailand/8/2022 (H3N2): aina A, kirusi kilipatikana Thailand, sampuli namba 8, mwaka 2022, na H3N2 ni tawi lake ndani ya aina A. Zamani nyingi zilikuwa na virusi vinne. Siku hizi ni vitatu, kwa sababu ukoo wa influenza aina B uitwao Yamagata haujathibitishwa kuonekana popote tangu Machi 2020.

Chanjo hii haimo katika ratiba ya bure ya watoto, hivyo wengi huipata kwenye hospitali na kliniki za kulipia. Lazima ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kununua duka moja na kutembea na sindano mkobani hadi kwa mdungaji, na joto hili letu, ni kutupa pesa. Kuilaza juu ya barafu iliyotoka friza sasa hivi ni vibaya vilevile: ikiganda imeharibika, na ikiyeyuka macho hayatajua tofauti. Umeme ukipotea muda mrefu, uliza wazi friji ya kliniki ilifika nyuzi ngapi.

Dozi ya mtu mzima ni mililita 0.5, kwenye msuli wa bega, vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa juu. Hapa nguo huleta balaa. Mdungaji akivuta shingo ya blauzi badala ya kupandisha mkono wote wa nguo, sindano huenda juu mno na kujeruhi kiungo, na maumivu ya bega yanaweza kukaa miezi. Mwenye buibui avae ndani nguo ya mikono mipana na aombe pazia.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili, angalau wiki 4 baina yake. Chini ya miezi 6 hachanjwi. Kinga yake hutoka kwa mama aliyedungwa akiwa mjamzito, na mimba ya miezi yoyote inafaa. Wajawazito, wazee, wenye kisukari, pumu au maradhi ya moyo, pamoja na wahudumu wa afya, ndio wa kutangulia. Kwa Ramadhani, wanazuoni wengi wanasema sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Asiye na uhakika amuulize shehe wake au adungwe baada ya futari.

Malalamiko makubwa ni "nilidungwa, nikashikwa na mafua." Kirusi kilichokufa hakiwezi kumfanya mtu augue. Mkono kuuma na kahoma ka siku moja au mbili ni mwili kufanya kazi. Kinga huchukua wiki mbili kukamilika, kwa hiyo aliyeambukizwa ndani ya siku hizo ataugua tu. Na makamasi mengi ya mjini si influenza kabisa, ni virusi vingine ambavyo chanjo hii haivigusi. Anayekwenda Hija ahesabu wiki hizo mbili kabla ya ndege, na asiichanganye na ile ya homa ya uti wa mgongo: hiyo Saudi Arabia inaidai kwa cheti, hii inapendekezwa tu.