Radiografia ni nini, na mhadhiri wake hufundisha nini?

Ukisikia fulani ni mhadhiri wa radiografia, usidhani ni daktari anayesoma picha za eksirei. Anayezisoma na kuandika ripoti ya ugonjwa ni daktari wa radiolojia. Radiografia ni taaluma ya kuipata picha yenyewe: kumweka mgonjwa sawasawa, kuchagua nguvu na kiasi cha mionzi, na kuhakikisha picha inajibu swali alilouliza daktari. Siku hizi taaluma hiyo inagusa pia CT, yaani eksirei inayozunguka mwili na kuupiga picha vipande vipande, na hata MRI, mtambo mwingine wa kupiga picha za ndani ya mwili, ingawa MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, si eksirei.

Wapo wanaoiona kuwa kazi ya kubonyeza kitufe. Kitufe kipo kweli, ila kinakuja mwisho.

Chukua picha ya kifua. Mgonjwa anaambiwa akibandike kifua kwenye kigunduzi, yaani bamba linalopokea mionzi, mtambo ukiwa nyuma yake umbali wa sentimita 180 hivi, asukume mabega mbele, avute pumzi na kuizuia. Mwanafunzi hufundishwa sababu ya kila agizo. Moyo umekaa upande wa mbele wa kifua. Ukiwa mbali na kigunduzi, kivuli chake huvimba, kama kivuli cha mkono ukutani unapousogeza karibu na taa, na mtu mzima wa afya anaweza kuonekana ana moyo mkubwa. Mabega yanasukumwa ili makombe yake yayapishe mapafu. Nguvu ya mionzi nayo ina hesabu yake: kifua huhitaji kilovolti 100 hadi 125, ili mbavu zififie na mapafu yaliyo nyuma yake yaonekane. Kiganja cha mkono hutosheka na 50 au 60.

Upande wa utafiti, swali linalojirudia ni moja: mionzi kidogo kiasi gani inatosha? Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei mwezi Novemba 1895, na miaka ya mwanzo watumiaji wake waliungua mikono, wengine wakapoteza vidole. Leo picha ya kifua hubeba takriban milisiveti 0.02 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), ilhali mionzi ya asili humpa binadamu wastani wa 2 hadi 3 kwa mwaka. CT ya tumbo, hata hivyo, inaweza kuzidi picha ya kifua mara mamia.

Kuja kwa picha za kidijitali kulileta mtego ambao kwangu ndio somo tamu kuliko yote. Filamu ikipigwa mionzi mingi ilitoka nyeusi, kosa likajianika lenyewe. Kompyuta husawazisha weusi huo. Mionzi ikipungua mno, picha hujaa chengachenga na daktari hulalamika. Ikizidi, picha hutoka safi, na nani atalalamikia picha safi? Basi mpiga picha huongeza kidogo leo, kidogo kesho, na dozi, yaani kiasi cha mionzi anachopata mgonjwa, hupanda kimyakimya. Mtafiti huchukua fantomu, yaani sanamu inayozuia mionzi kama mwili, akaipiga picha mara nyingi huku akishusha dozi, kisha huwapa madaktari wazipime picha hizo bila kujua ipi ilipigwa kwa kiasi gani. Huhesabu pia picha zilizotupwa na kurudiwa, kwa sababu kila marudio ni dozi ya pili.

Wakati mwingine utafiti humlazimisha mhadhiri kufuta somo lake mwenyewe. Tangu miaka ya 1950 ilifundishwa kufunika viungo vya uzazi vya mgonjwa kwa kipande cha risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi. Mwaka 2019 jumuiya ya wanafizikia wa tiba ya Marekani, AAPM, ilishauri desturi hiyo iachwe. Mionzi mingi inayofika huko hutawanyika ndani ya mwili, hivyo hupita chini ya kinga. Risasi ikikaa vibaya huficha sehemu inayotafutwa. Na ikifunika kihisi kinachopima mionzi, mtambo hudhani haijatosha, ukaiongeza.

Kufuta somo kwenye daftari ni rahisi. Ugumu uko kwa mama aliyevishwa risasi miaka yote, anayeuliza mbona leo mwanawe hakuvishwa. Mwanafunzi atafundishwa kumjibu pia, kwa maneno ambayo mama huyo atayaelewa, kabla ya kukigusa kile kitufe.