Mgeni Asiyependwa Akija Chuoni, Bili ya Ulinzi Humwangukia Nani?

Chuo kikuu kinapomfungulia ukumbi mtu mwenye maneno ya chuki, wengi hudhani kwamba uongozi wa chuo umekubaliana naye. Nchini Marekani sivyo, na yaliyotokea Gainesville, jimboni Florida, yanaonyesha sababu.

Agosti 2017, siku chache baada ya ghasia za maandamano ya wabaguzi wa rangi huko Charlottesville, jimboni Virginia, Chuo Kikuu cha Florida kilikataa kumkodishia ukumbi Richard Spencer, aliyekuwa akihubiri kuwa Wazungu wajitenge na watu wengine, kikieleza hofu ya usalama. Alipotishia kwenda mahakamani, chuo kililegeza msimamo. Hakuna idara wala kikundi cha wanafunzi kilichomwalika. Alikuja kama mpangaji tu, sawa na anayekodi ukumbi wa harusi. Lakini chuo hicho ni cha umma, hivyo kinabanwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema, kama ofisi nyingine za serikali, na kikishakuwa na desturi ya kukodisha kumbi kwa watu wa nje, hakiwezi kumnyima mmoja wao kwa sababu ya maoni yake. Chuo binafsi hakibanwi hivyo. Hufuata kanuni zake chenyewe.

Spencer alilipa dola 10,564 za ukumbi na ulinzi wa ndani. Gharama za polisi waliotanda nje tarehe 19 Oktoba, baada ya gavana kutangaza hali ya hatari katika kaunti nzima, zilizidi dola 500,000, nazo zilibebwa na fedha za umma. Inauma, nami sioni haja ya kuficha hilo. Hata hivyo, mwaka 1992, katika kesi iliyohusu Kaunti ya Forsyth, Georgia, ambako ada iliyobishaniwa ilikuwa dola 100 tu, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mamlaka haiwezi kupanga ada kwa kukisia hasira za watakaompinga msemaji. Vinginevyo, yeyote angeweza kumziba mwenzake mdomo kwa kutishia fujo tu, kisha bili ikapelekwa kwa aliyetishiwa.

Mkuu wa chuo wakati huo, Kent Fuchs, aliwasihi wanafunzi wasihudhurie, na hiyo nayo ilikuwa haki yake ya kusema. Ukumbini wapinzani walimzomea Spencer hadi hotuba ikawa haisikiki vizuri. Mabango, zomeazomea ya muda mfupi na kutoka nje kwa pamoja ni maoni yanayolindwa; kupiga kelele kwa makusudi ili mtu asisikike kabisa ni jambo ambalo chuo kinaweza kuliadhibu, ingawa mpaka kati ya hayo mawili ni mwembamba na mara nyingi msimamizi huamua papo hapo.

Jioni hiyo wafuasi watatu wa Spencer walikamatwa baada ya mmoja wao kuwafyatulia risasi waandamanaji, isimpate mtu. Walishtakiwa kwa kujaribu kuua.