Je, wajua kwa nini Sakanaction huweka magitaa chini katikati ya shoo?

Ukumbi umejaa hadi mlangoni. Bendi imekuwa ikipiga roki tangu mwanzo wa shoo: magitaa, besi, kinanda, dramu, jasho. Ghafla taa zinazimwa. Zinapowaka tena, wanamuziki wale wale watano wamesimama safu moja, kila mmoja na kompyuta mpakato mbele yake kama makarani wa benki. Dramu iko nyuma, haina mtu. Kinachosikika ni mdundo mmoja tu, bum, bum, bum, bum, na sauti za kinanda cha umeme zikipanda taratibu. Kisha giza tena, na mara wote wako kwenye ala zao, kiitikio kinalipuka na ukumbi mzima unaruka.

Mtu anayeiona mara ya kwanza huuliza: hawa ni bendi ya roki au ni madijei? Na kama ni roki, wanatafuta nini kwenye kompyuta?

Hao ni Sakanaction, bendi iliyozaliwa mwaka 2005 mjini Sapporo, kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Jina lao ni la kubuni: neno sakana, yaani samaki, limeunganishwa na neno la Kiingereza action, yaani kitendo. Mwimbaji na mtunzi wao, Ichiro Yamaguchi, ni mtu wa Otaru, mji wa bandari jirani na Sapporo, na anapenda kuvua samaki. Ndiyo maana samaki hawakosekani kwenye kazi zao. Albamu yao ya pili, ya mwaka 2008, inaitwa Night Fishing, na shoo zao wanaziita Sakanaquarium.

Jibu la kwanza la swali letu ni la kawaida kabisa, hata linachekesha: mwanzoni hawakuwa na mpiga dramu. Bendi ya awali ya Yamaguchi ilikuwa imesambaratika, akabaki na mpiga gitaa Motoharu Iwadera. Watu wawili hawatoshi kwa roki ya kawaida, lakini wawili na kompyuta wanatosha kwa mengi. Mpiga besi Ami Kusakari, mpiga kinanda Emi Okazaki na mpiga dramu Keiichi Ejima walijiunga mwaka 2006, na albamu ya kwanza ikatoka 2007. Kwa hiyo mashine haikuletwa baadaye kama pambo. Mashine ilitangulia, dramu ikaikuta.

Jibu la pili linahusu nchi yenyewe. Japani haikuupokea muziki wa elektroniki kama mgeni. Ilikuwa miongoni mwa wakunga wake. Mwaka 1978 Haruomi Hosono, Yukihiro Takahashi na Ryuichi Sakamoto walianzisha Yellow Magic Orchestra, kundi lililofanya vinanda vya umeme kuwa muziki wa redio na wa dansi. Kampuni ya Roland, iliyoanzishwa Osaka mwaka 1972, ilitoa mashine ya midundo ya TR-808 mwaka 1980, na Yellow Magic Orchestra walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia. Ilisimamishwa kutengenezwa mwaka 1983. Baadaye vijana wa Marekani wakazinunua mitumba kwa bei ya chini na kuzifanya uti wa mgongo wa hip hop na wa hausi, muziki wa dansi wa klabu. Ule mngurumo mzito wa chini unaotikisa spika za daladala kwenye nyimbo nyingi za bongo fleva ni wa ukoo huo. Kwa Mjapani aliyekua na sauti hizi, kuchanganya gitaa na sinthesaiza si uasi wa aina yoyote.

Lakini hayo yanaeleza tu kwa nini mashine ipo. Kwa nini nyimbo zinapendwa ni jambo jingine, na hapo ndipo penye utamu.

Muziki wa pop wa Japani una desturi yake ya kujenga wimbo. Huanza na sehemu ya kwanza tulivu, huja ya pili inayopandisha joto, halafu kinakuja kiitikio kikubwa, ambacho Wajapani hukiita sabi. Msikilizaji analijua jengo hili tangu utotoni na anakisubiri kiitikio kama mtoto anavyosubiri pilau la sikukuu. Muziki wa klabu hauna haraka hiyo. Wenyewe hurudia kitu kile kile muda mrefu, huongeza sauti moja, huondoa nyingine, hukata besi ili mwili uikose, kisha huirudisha. Ile raha yake inatokana na kucheleweshwa.

Sakanaction waliziunganisha subira hizi mbili. Sikiliza Music, wimbo wa mwaka 2013. Unaanza kwa kinanda na mdundo usiobadilika. Beti zinapita, unadhani sasa kiitikio kinakuja, hakiji. Inakuja sehemu nyingine, nayo inakurudisha kwenye mdundo. Kile kiitikio kipana kimewekwa karibu na mwisho kabisa, na kinapofika, gitaa na dramu za watu zinachukua nafasi iliyokuwa ya mashine. Ndiyo ile shoo ya kompyuta niliyoanza nayo: jukwaani wanakuonyesha kwa macho kile ambacho wimbo unakifanya masikioni. Mwaka huo huo albamu yao yenye jina la bendi ikashika namba 1 kwenye chati za Oricon, orodha ya mauzo ya muziki Japani, na tarehe 31 Desemba wakaupeleka wimbo huo Kohaku Uta Gassen, tamasha la televisheni la mkesha wa mwaka mpya ambalo Wajapani hulitazama na bibi na wajukuu sebuleni.

Mwendo huo ulikuwepo tayari kwenye Aruku Around ya mwaka 2010, wimbo uliowafungulia milango. Video yake, iliyoongozwa na Kazuaki Seki, ilipigwa bila kukatwa. Yamaguchi anatembea, na kando yake vimetawanyika vipande visivyo na maana. Kamera ikifika mahali panapostahili tu, vipande vinajipanga na kuwa maneno ya wimbo. Hatua moja zaidi, vinavunjika tena.

Shin Takarajima, nyimbo yao ya mwaka 2015, ni ya watu wote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyosukwa kwa werevu kuliko zote ingawa inasikika nyepesi. Ilitungwa kwa ajili ya filamu ya Bakuman, inayohusu vijana wawili wachora katuni, na jina lake linafanana na la kitabu cha katuni cha Osamu Tezuka cha mwaka 1947. Humo maneno mafupi yanarudiwarudiwa mfululizo, mdomo wa mtu ukifanya kazi ya mashine, huku gitaa likibaki la kibinadamu. Muziki wa filamu hiyo uliwapatia tuzo ya Japan Academy mwaka 2016.

Mchanganyiko huu una gharama zake jukwaani. Kompyuta haimsubiri mtu. Sauti zilizopangwa zikishaanza, mpiga dramu anayefuatana nazo hupata mlio wa tik, tik, tik sikioni na hana ruhusa ya kupaparika hata umati ukipagawa. Mwaka 2017, miaka 10 baada ya albamu ya kwanza, walipiga shoo kwa mfumo wa spika zinazowazunguka wasikilizaji pande zote. Kwa mfumo wa namna hiyo, sauti inaweza kupita nyuma ya kisogo chako.

Albamu ya mwaka 2019 inaitwa 834.194. Hizo ni kilomita kati ya studio ya Sapporo walikoanzia na studio ya Tokyo walikohamia. Mwaka 2022 Yamaguchi alipumzika kwa sababu ya afya, na baadaye akasema hadharani kwamba anaugua sonona. Bendi ilirudi na ziara mwaka 2024, na mwaka 2025 ukatoka Kaiju, wimbo wa kufungulia katuni ya televisheni kuhusu watu wa Ulaya ya kale waliohatarisha roho zao kwa kusema dunia inazunguka jua.

Ukitaka kuanza, anza na Shin Takarajima, kisha Music. Hiyo ya pili vaa spika za masikioni, na usiruke mbele.