Torsen Haifungi: Dhana Potofu Kuhusu Difu za Magari ya Kujiundia

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma na kuziruhusu zizunguke kwa mwendo tofauti kwenye kona) ndani ya gunia, akaiweka juu ya meza ya kazi na kusema, "Fundi, hii Torsen uliyonifungia imekufa." Torsen ni aina ya difu inayolipa tairi lenye mshiko nguvu zaidi. Nilipomuuliza alijuaje, alieleza kwamba aliinua nyuma ya gari kwa jeki, akazungusha tairi la kushoto kwa mkono, na la kulia likazunguka kinyume. Isitoshe, siku aliyolipeleka gari uwanjani kulikimbiza, tairi la ndani lilinyanyuka kwenye kona kali na msukumo wote ukapotea. Nilimwaga oili na kuifungua difu mbele yake. Oili haikuwa na hata punje ya chuma, beringi zilizunguka bila kelele, na meno hayakuwa na mkwaruzo. Difu ilikuwa nzima. Alichoambiwa kuihusu ndicho kilichokuwa kibovu, nami nimekisikia kwa wateja wengi mno kiasi kwamba sasa nimeona heri nikiandike.

Magari ninayoyashughulikia ni yale ambayo watu huku Uingereza hujiundia gerejini nyumbani, kwa mfano wa Lotus Seven ya mwaka 1957, iliyouzwa pia kama vipande kwa sababu mnunuzi aliyeviunganisha mwenyewe alikwepa kodi ya mauzo ya wakati ule. Siku hizi wengi hununua Mazda MX-5 kuukuu, zamani ilikuwa Ford Sierra, wakachukua injini, giaboksi na difu na kuvihamishia kwenye fremu nyepesi. Matokeo yake ni gari la takriban kilo 600, na wepesi huo ndio unaobadilisha karibu kila ushauri kuhusu difu.

Dhana yenyewe ni hii: "Torsen hufunga tairi mbili pamoja, kwa hiyo moja likinyanyuka, la pili litasukuma." Si kweli. Torsen haifungi kitu. Ndani yake kuna gia za mfano wa parafujo ambazo, zinapobebeshwa mzigo, husukumana na kubana kwenye kuta za nyumba yake, na msuguano huo ndio unaoliruhusu tairi lenye mshiko kupokea nguvu nyingi kuliko lenzake. Neno la kushika hapa ni mzigo. Difu hii huzidisha kile ambacho tairi dhaifu limeweza kubeba. Haiwezi kuzalisha chochote pale ambapo tairi hilo halibebi kitu.

Tuchukue Torsen yenye uwiano wa 2.5 kwa 1. Ikiwa tairi la ndani linaweza kubeba nguvu ya kuzungusha ya Nm 100 kabla halijateleza, la nje linaweza kupewa hadi Nm 250, na jumla inakuwa Nm 350. Difu ya kawaida ingetoa Nm 100 kila upande, yaani 200 tu, kwa hiyo faida ya Torsen ni kubwa na ya kweli maadamu tairi zote mbili zinagusa lami. Sasa linyanyue tairi la ndani. Linabeba sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa 2.5 inabaki sifuri. Hicho ndicho kilichompata kijana yule kwenye kona, wala hapakuwa na hitilafu yoyote.

Jaribio la jeki nalo linapotosha kwa sababu hiyo hiyo. Gari likiwa hewani na giaboksi ikiwa huru, gia za ndani hazina kinachozibana, msuguano ni kidogo, na Torsen nzima kabisa inaweza kuzungusha tairi mbili kinyume kama difu ya kawaida. Nawasihi wateja wangu wasihukumu Torsen kwa jeki. Jaribio hilo lina maana kwa difu ya plati (inayotumia plati za msuguano badala ya gia za parafujo), ambayo ina springi za kuzibana plati zake hata pasipo mzigo, na ukinzani wake unaweza kupimwa kwa spana ya toki.

Dawa, basi, ni nini? Ukiwa njiani unaweza kugusa breki kidogo huku ukiendelea kukanyaga mafuta. Breki ikilipa tairi lililo hewani ukinzani wa Nm 40, lile lililo chini laweza kupata Nm 100, na gari litasogea. Lakini hiyo ni mbinu ya kujinasua tu. Kwangu mimi kazi ya kwanza ni kulirudisha tairi chini. Ninaifungua kabisa fito ya stabilaiza ya nyuma, ile inayopunguza gari kulala upande kwenye kona, na kulijaribu gari bila hiyo, kisha ninaangalia kama shokapu zina urefu wa kutosha kuliruhusu tairi kushuka gari linapolala upande. Mara nyingi mteja amefunga springi ngumu na shokapu fupi kwa sababu alisikia kwamba gari la kasi lazima liwe gumu, halafu anailaumu difu kwa tairi ambalo yeye mwenyewe amelizuia kugusa barabara. Kama baada ya hapo tairi bado linanyanyuka, ndipo tuzungumzie difu ya plati, tena yenye mkazo wa awali wa springi zake uliopunguzwa kulingana na uzito wa gari. Mkazo uliopangwa kwa ajili ya gari la karibu tani moja, ukiwekwa kwenye gari la kilo 600, huifanya pua ya gari ikatae kuingia kona za polepole.

Wapo pia wanaoniambia kwamba kuchomelea spaida, yaani gia ndogo za ndani ya difu ya kawaida, ili tairi mbili zizunguke pamoja, ni sawa na kuwa na LSD (difu inayozuia tairi moja kuteleza ovyo, kama Torsen au ya plati), ila kwa bei nafuu. Kwenye kokoto au uwanjani mtu anaweza kulivumilia, ingawa sitalifanya mimi. Barabarani, kila kona hulilazimisha tairi moja kuburuzwa, na mzigo wa kuburuza huko unapita kwenye saidi shafti, fito zinazopeleka nguvu kutoka difu hadi tairi, ambazo hazikuundwa kwa ajili yake. Nimetoa saidi shafti iliyopindika kama kamba iliyosokotwa kutoka kwenye gari la namna hiyo, na mwenyewe alikuwa akilitumia kumpeleka mtoto shule.

Kuhusu LSD ya maji mazito, ile iliyokuja na baadhi ya MX-5 na Sierra, watu huamini kwamba ikilegea unabadilisha oili ya difu inapona. Maji yale ya silikoni yamefungiwa ndani ya kikopo chake na hayakutani na oili hiyo kabisa. Ikichoka, imechoka.

Wengine huniambia: "Nikifunga krauni na pinioni za 4.3 badala ya 4.1, nitaongeza nguvu." Hizo ni gia kuu mbili za difu, na 4.3 maana yake propela shafti, fito inayoleta nguvu kutoka giaboksi, huzunguka mara 4.3 tairi likizunguka mara moja. Injini yako haijui umefunga nini. Msukumo kwenye tairi utaongezeka kwa takriban asilimia 5 katika kila gia, na mwendo wa juu wa kila gia utapungua kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo utabadilisha gia mapema zaidi. Katika gari jepesi ambalo tayari linazungusha tairi bure kwenye gia ya kwanza, mara nyingi mimi hushauri kwenda upande wa pili, kwenye uwiano mrefu, yaani wa namba ndogo, ili gia ya kwanza itumike na injini isilie barabara kuu. Na yeyote anayebadilisha uwiano abadilishe krauni na pinioni kwa pamoja, kwa kuwa zilisagwa kama jozi; kuoanisha krauni ya difu moja na pinioni ya nyingine ni kununua kelele.

Tena, difu ya inchi 7 ya MX-5 ya lita 1.8 haiingii tu mahali pa ile ya inchi 6 ya lita 1.6 kwa kukaza bolti. Saidi shafti zote mbili hubadilika, na propela shafti nayo. Nunua seti nzima kutoka gari moja lililovunjwa.

Jambo ambalo karibu kila mtu husahau ni spidomita. Katika MX-5 za mwanzo waya wake unatoka kwenye giaboksi, kabla ya difu. Ukitoka 4.1 ukaenda 3.636, gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa mshale utasoma kama 89, na spidomita inayosoma chini ya mwendo halisi haipiti ukaguzi wa IVA, ule ambao gari la kujiundia hufanyiwa Uingereza kabla ya kusajiliwa. Rekebisha usomaji huo kabla ya kuomba siku ya ukaguzi, kwa sababu mkaguzi atalipandisha gari kwenye rola na kuusoma mshale.