Mlio wa sikio ulioanza ghafla: kwanza pima usikivu

"Utaisha lini?" Karibu kila anayenijia na mlio wa sikio ulioanza majuzi hunitangulizia swali hilo kabla hata hajakaa. Nitalijibu huko mbele. Kazi yangu ni kupima usikivu, na la kwanza ninalotaka kujua mimi ni kama sikio hilo linalolia bado linasikia.

Wengi hawajui. Mlio umewashughulisha hata hawakuona kwamba simu wameihamishia sikio la pili. Watakwambia sikio "limeziba", wanangoja lizibuke, wananunua matone kwenye duka la dawa, wiki inapita. Ilhali usikivu ukianguka sikio moja ndani ya saa chache hadi siku tatu, bila mafua wala nta ya kulieleza jambo hilo, ni dharura ya sikio la ndani. Dawa yake kwa kawaida ni steroidi kama prednisoloni, na husaidia zaidi zikianzwa mapema. Wiki mbili zikishapita, nafasi ya kuurudisha usikivu imepungua sana. Matone hayafiki huko. Hayavuki kiwambo cha sikio.

Kuna kipimo unachoweza kujifanyia hapo ulipokaa. Funga mdomo uvume, "mmmm", sauti nzito, halafu sikiliza mvumo umekaa upande gani. Ukiegemea kwenye sikio lenye shida, huenda ni nta, maji au mafua: njia ya nje au ya kati imeziba. Ukihamia sikio lisilo na shida, lile linalolia likawa kama halipo, shaka inaelekea sikio la ndani. Nenda hospitali leo, usingoje Jumatatu. Nami kliniki nafanya hivyo hivyo kwa chuma chenye miguu miwili kinachotetemeka mara 512 kwa sekunde: nakigonga gotini, nakisimamisha katikati ya paji la uso, nauliza, "Unasikia wapi?" Kuvuma nyumbani hakuchukui nafasi ya vipimo, na hata usipoelewa jibu lake, bado kapimwe.

Haraka hiyo hiyo ni kwa mlio uliokuja na kizunguzungu kikali, au uso kupooza upande mmoja, au baada ya kuanguka na bodaboda ukagonga kichwa. Mlio unaodunda sawasawa na mapigo ya moyo unataka mishipa ya damu ichunguzwe, na ule unaong'ang'ania sikio moja huenda ukahitaji picha ya MRI. Na kama unachosikia ni maneno, watu wanakusema au wanakuamrisha, hilo si langu. Ni la daktari wa afya ya akili, wala si aibu.

Mengi yaliyobaki ni madogo kuliko hofu yake. Mtu ameogelea Bamburi, maji yameingia, nta imevimba ikaziba, mlio ukaanza; nta ikitolewa mara nyingi mambo yamekwisha. (Vijiti vya pamba huisukuma ndani zaidi. Nimechoka kusema.) Wazee waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaujua mlio: ulikuja na dozi, ukaondoka na dozi. Aspirini kwa kiwango kikubwa hufanya vivyo hivyo. Sindano za gentamisini ni habari nyingine, madhara yake yaweza kubaki. Lakini usikatize dawa uliyoandikiwa kwa sababu umesoma hapa; zungumza kwanza na aliyekuandikia.

Halafu kuna ya nyumbani. Sikio likianza kulia usiku, nyumba nyingi za Pwani patatajwa jini, na mgonjwa atapelekwa kwa mwalimu wa dini akasomewe na anywe kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Sigombani na hilo. Kombe hunywewa, halimwagwi sikioni, na aliyesomewa mara nyingi hurudi ametulia, na kutulia katika shida hii ni nusu ya kazi. Ninachoomba ni apimwe kwanza, kwa ajili ya zile wiki mbili. Ninachokataza ni mafuta ya moto yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Tundu la sikio likiungua, sasa una maradhi mawili.

Tuseme umepimwa na hakuna la kutisha. Mlio watoka wapi basi? Ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio, na zikishakufa kwa kelele, umri au dawa, hazioti tena. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ubongo ukikosa habari kutoka sehemu hiyo, hujipandishia sauti wenyewe, kama fundi wa spika harusini aliyepotelewa na maikrofoni akazungusha kitufe hadi mwisho: mwimbaji hasikiki, spika zinatoa "shhhh" tupu. Hata wazima wanayo hiyo "shhhh". Mwaka 1953, Heller na Bergman wa Marekani waliwaingiza watu 80 wasio na tatizo la kusikia katika chumba kisichopitisha sauti, na asilimia 94 wakasema wanasikia kitu.

Kuna kipimo kingine nakipenda kuliko vyote. Namvisha mgonjwa vipokea sauti, natafuta toni inayofanana na mlio wake, mara nyingi nyembamba, huko kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 4,000 au 6,000, kisha naipandisha pole pole mpaka aseme zimelingana. Bibi mmoja alikuwa ameniambia wake ni kama ndege inaruka pale uwanja wa Moi, mchana na usiku. Toni yangu ilipolingana na mlio wake, ilikuwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu juu ya sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Nikamzimia, nikamwashia tena. Akavua vile vipokea sauti akanitazama: "Kumbe kadogo hivi, mwanangu?"

Hakuwa amesema uongo. Kwa wengi ndivyo kipimo kinavyotoka, na ukubwa huo hauelezi nani atalala na nani atakesha. Anayekesha ni yule ambaye ubongo wake umeuandikisha mlio kuwa hatari: anausikia, anashtuka, moyo unamwenda mbio, na akishtuka anazidi kuusikiliza. Mtafiti Pawel Jastreboff aliyaandika haya mwaka 1990, na sehemu kubwa ya ushauri tunaotoa leo imepitia hapo.

Basi usiku usiutafute ukimya. Washa pangaboi, au weka sauti ya mvua au mawimbi kwenye simu, iwe chini kidogo ya mlio, usiumeze. Ubongo uzisikie zote mbili ili ujifunze kuuacha ule mmoja. Wagonjwa wangu wengi huweka Qur'ani kwa sauti ya chini. Inafaa sana, ila kama unafuatilia kila aya hutalala, bora mawimbi. Na stima zikipotea usiku wa manane, feni husimama na mtu huamka na mlio wake. Redio ndogo ya betri kando ya kitanda hulimaliza hilo. Tabia mbaya kuliko zote ni kujipima: kuziba masikio kila asubuhi kuona kama bado upo. Upo. Umeuita mwenyewe.

Kahawa yako ya jioni sikukatazi, ila kama inakukosesha usingizi. Muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, ndio naukataza, maana usingizi hauji kabisa. Vidonge vya mlio vinavyouzwa mitandaoni viache. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri dhidi ya ginkgo, melatonini na zinki kwa tatizo hili. Chenye ushahidi mzuri wa kupunguza mateso ni tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mazoea, na kwa mwenye upungufu wa usikivu, shime sikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia.

Kelele nayo ikae mbali. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, desibeli 80 unaweza kuzivumilia saa 40 kwa wiki, lakini desibeli 100 ni dakika 20 tu, na matatu yenye muziki wa kutetemesha vioo si mahali pa kukaa chini ya spika. Vizibo vya masikio ni vya huko na vya harusini. Ukivaa siku nzima nyumbani, hata kijiko kikigonga sinia kitakuudhi.

Utaisha lini? Uliotokana na kelele za usiku mmoja mara nyingi huondoka ndani ya siku moja au mbili. Ukizidi hapo, hakuna mkweli atakayekutajia tarehe. Wiki za mwanzo ndizo ngumu. Baada ya miezi, wengi wananiambia upo lakini hawaukumbuki mpaka mimi nilipouliza. Ukifika mahali huoni sababu ya kuishi, usingoje miezi hiyo. Mwambie mtu leo na uende hospitali.

Ukija kupimwa, njoo na dawa zako zote ndani ya mfuko, za hospitali na za miti shamba, na uje na mtu wa nyumbani. Yeye ndiye atakayeniambia runinga huwa unaiweka sauti gani.