Kwa nini zabibu nyeusi hutoa shampeni nyeupe?

Chukua punje ya zabibu nyeusi, imenye kwa ukucha, kisha ikamue taratibu. Kinachotoka si chekundu. Ni maji yenye ukungu kidogo, kama ya dafu.

Rangi yote imekaa kwenye ganda. Mvinyo mwekundu huwa mwekundu kwa sababu maji ya zabibu huachwa yachachuke pamoja na maganda kwa siku kadhaa, hata majuma, mpaka yanywe rangi. Yatenge mapema, na zabibu ileile itakupa mvinyo mweupe. (Zipo chache zenye nyama nyekundu, kama Alicante Bouschet. Hizo hazifai kwa kazi hii.)

Huko Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, shampeni hutengenezwa hasa kwa zabibu za aina tatu: Chardonnay, ambayo ni nyeupe, na Pinot Noir na Meunier, ambazo ni nyeusi. Chupa iliyoandikwa blanc de noirs, yaani nyeupe itokanayo na nyeusi, haina Chardonnay ndani yake.

Ufundi wenyewe uko kwenye kukamua, na hapo ndipo ninapowavulia kofia watengenezaji wake. Sheria inataka zabibu zichumwe kwa mkono na vichala vifike mtamboni vikiwa vizima, kwani punje iliyopasuka njiani huanza kuvujisha rangi. Vikonyo haviondolewi, kwani katikati yake maji hupata njia ya kushuka haraka, yasikawie na maganda. Kilo 4,000 za zabibu zinaruhusiwa kutoa lita 2,550 tu. Lita 2,050 za mwanzo, zilizo safi zaidi, huitwa cuvée, na 500 zinazofuata huitwa taille. Ukizidi kukamua, rangi na ukakasi wa maganda huanza kuingia.

Mapovu huja baadaye. Mvinyo ukishatulia hutiwa chupani pamoja na sukari na hamira, ukafungwa, ukachachuka mara ya pili. Hewa inayozaliwa humo haina pa kutokea. Msukumo wake hufika takriban mara sita ya ule wa hewa inayotuzunguka. Chupa hulazwa, mashapo ya hamira yakiwa bado ndani yake, kwa miezi isiyopungua 12, na huko ndiko inakotoka ile harufu ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

Ukitaka kuielewa blanc de noirs, usiigandishe. Nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi zinatosha, katika glasi yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo. Ile nyembamba kama bomba huificha harufu. Kwanza itazame: mara nyingi ni ya dhahabu iliyokolea, pengine na mng'ao wa shaba. Kisha inuse. Pinot Noir hukuletea cheri na stroberi, na mdomoni huwa na uzito. Meunier ni laini, yenye tofaa na peasi zilizoiva.

Mimi ningeiweka kando ya blanc de blancs, ile ya Chardonnay tupu. Hiyo hukata ulimi kama ndimu. Ya zabibu nyeusi hujaza kinywa, na inaweza kusimama na kuku wa kuchoma au uyoga. Usiimalize upesi. Iache glasi mezani dakika kumi, baridi ipungue, unuse tena: sasa cheri iko wazi, ndani ya kinywaji kisicho na tone la wekundu.