Kuchora mandhari papo hapo kwa rangi za mafuta

Kuchora papo hapo ni kuchora mandhari ukiwa umesimama mbele yake, tangu mstari wa kwanza hadi mguso wa mwisho wa brashi, bila kwenda kuimalizia nyumbani kwa kutazama picha ya simu. Wachoraji wa nchi nyingi huliita jambo hili kwa Kifaransa, en plein air. Wengi hudhani tofauti yake na kuchora ndani ni mahali tu, kumbe tofauti kubwa ni muda. Ndani, picha moja inaweza kukaa miezi mitatu. Nje, mwanga uliokufanya usimame hudumu saa moja na nusu hivi, kisha hugeuka mwanga mwingine, wenye vivuli vingine na rangi nyingine. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuchagua mwanga mmoja, kuufungia ubaoni mapema, na kukataa kuufuata ule unaokuja baada yake hata kama ni mzuri zaidi.

Ushauri huo ni wa zamani. Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes aliandika mwaka 1800 kwamba mchoro wa nje usizidi saa mbili, na ule wa macheo au machweo usizidi nusu saa. Kwa Dar es Salaam, ambako jua huzama karibu wima, hiyo nusu saa ni ukarimu. Enzi hizo rangi za mafuta zilibebwa kwenye vibofu vya nguruwe, na kutoka nazo ilikuwa taabu. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand, akiwa London, alipata hataza ya tyubu ya bati, na tangu hapo mchoraji akaweza kuweka rangi zake zote kwenye mkoba mdogo.

Kwanza tuelewane ni rangi gani. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo ukaomba rangi ya mafuta, utapewa ile ya kopo inayong'aa, ya mageti na nondo za madirisha. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, na wanafunzi wake waliitumia rangi ya aina hiyo juu ya hadibodi, na iliwafaa, kwa sababu walichora kutoka kichwani, rangi moja ikikauka kabla ya nyingine kuwekwa kando yake. Kwa kuchora papo hapo inakera. Ni nyepesi, inachuruzika kwenye ubao uliosimama, na inaanza kushika ngozi ukiwa bado unachanganya.

Rangi ya tyubu ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta ya kitani. Haikauki kwa kitu fulani kuruka hewani kama rangi za maji zinavyokauka. Mafuta yenyewe huvuta oksijeni na polepole hugeuka utando mgumu. Tabia zake karibu zote zinatoka hapo. Inabaki mbichi kwa siku kadhaa, hivyo kosa linakwanguliwa kwa kisu na kurudiwa. Lakini ubichi huohuo ndio unaofanya rangi ya juu ivute ya chini na zote zigeuke tope. Umba, ile kahawia iliyoiva, ina manganizi, kwa hiyo ikipakwa nyembamba hushika kwa siku moja au mbili. Nyeupe ya titani iliyopakwa nene huweza kupita wiki. Ukiishiwa mafuta ya kitani, usijaribu ya nazi: hayakauki leo wala mwakani. Tapentaini ya duka la ujenzi inatosha kwa tabaka la kwanza na kuoshea brashi, mradi usiuziwe thina ya magari badala yake. Thina ni kali kiasi cha kuyeyusha hata tabaka la chini. Mafuta ya taa nayo huacha ute unaochelewesha kukauka.

Ubao wa kuanzia ni sentimita 25 kwa 30. Mdogo kuliko huo unabana, na mkubwa zaidi hautaujaza kabla jua halijahama. Plaiwudi ya milimita 4 au hadibodi zinafaa, zikipakwa rangi ya msingi ya akriliki mara mbili au tatu mbele, na angalau mara moja mgongoni na kwenye kingo. Watu husahau mgongo. Masika inapofika, upande ule ulio wazi hunyonya unyevu na ubao hupinda kama kaimati iliyokosewa. Halafu, siku moja kabla ya kutoka, paka utando mwembamba wa ocha, njano ya udongo, au sienna iliyochomwa, kahawia yenye wekundu, uliozimuliwa kwa tapentaini na kufutwa kwa kitambaa. Ubao mweupe kwenye jua la pwani unaumiza macho, na kila rangi utakayoweka juu yake itaonekana nyeusi mno, hivyo utaizidishia nyeupe bila sababu.

Sasa jua lenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Siku za mwanzo za Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana hupita moja kwa moja utosini. Katika vipindi hivyo jua hupanda takriban nyuzi 15 kila saa. Saa mbili na nusu asubuhi kivuli cha mnazi ni takriban mara moja na nusu ya urefu wake. Kufika saa tatu na nusu kimekuwa karibu sawa na mnazi wenyewe, na saa tano kimejikunja chini ya makuti. Kuanzia hapo hadi saa tisa alasiri mandhari huwa bapa na hayana umbo la kushika. Kwa hiyo vipindi vya kazi ni viwili: saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, na saa tisa na nusu hadi jua linapozama. Juni na Julai jua halipandi juu sana, na unaongezewa kidogo kila upande.

Ukishafika, usikimbilie brashi. Dakika kumi za mwanzo ni za penseli: mchoro wa ukubwa wa kiberiti wenye ngazi tatu tu, giza, kati na mwanga, na saa iliyoandikwa pembeni. Kisha changanya umba na ultramarini, ile bluu iliyokolea, zimua kwa tapentaini, na upake vivuli vyote kwanza. Vyote, ndani ya robo saa: chini ya mwembe, upande wa ukuta usiopigwa na jua, tumbo la ngalawa. Vikishakaa, havisogezwi tena. Hapa ndipo wanaoanza huharibu. Saa moja baadaye kivuli cha kweli kimehama, mchoraji anakifuata, na mwishowe picha ina jua mawili, moja likitokea kushoto na jingine juu. Baada ya vivuli, weka rangi ya anga na ya ardhi iliyo juani kwa mafungu makubwa, kisha rudi kwenye vitu vidogo. Rangi nene, hasa zenye nyeupe, ziwe za mwisho.

Ufukweni vivuli vina mshindani. Wakati wa bamvua maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na katikati ya mwendo huo ngalawa ya Msasani inayoelea ukifungua tyubu inaweza kuwa imelala ubavu mchangani kabla hujamaliza. Chora vyombo na mstari wa maji kabla ya chochote kingine, au nenda siku za maji mafu, bahari inapotulia.

Wingu likifunika jua ghafla, jibu la kwanza ni kusubiri. Tumia dakika hizo kuchanganya rangi ya sehemu za juani ambazo unazikumbuka bado. Likikaa zaidi ya robo saa, toa ubao wa pili. Claude Monet alifanya hivyo na marundo yake ya nafaka mwaka 1890 na 1891, akibadilisha kanvasi kila mwanga ulipobadilika. Siku za vuli, ambapo mawingu hupita kwa zamu, mbao mbili zinaweza kwenda sambamba: moja ya jua, nyingine ya kivuli. Tofauti yao si mwangaza tu. Juani, upande wenye mwanga huelekea njano na vivuli huelekea bluu kwa sababu vinaangazwa na anga. Chini ya wingu vivuli hupoteza kingo, na rangi za vitu vyenyewe hukolea. Udongo mwekundu wa njia za Pugu, uliofifia mchana kutwa, baada ya manyunyu hugeuka karibu rangi ya ini, na lami iliyoloa inakuwa nyeupe kuliko ukuta kwa sababu inaakisi anga.

Mvua yenyewe haina madhara ambayo watu huihofia. Maji na mafuta havichanganyiki, hivyo matone hukaa juu ya rangi kama juu ya jani la mgomba. Yaache. Inamisha ubao, yatikise, mengine yatakauka yenyewe. Hatari ni kuendelea kupaka juu yake, kwa sababu brashi huyasukuma maji ndani ya rangi na kuifanya uji wa kijivu usioshika chochote. Paleti, kibao cha kuchanganyia rangi, ikishanyeshewa, kwangua rangi iliyopata maji na uitupe. Tyubu moja ya mililita 37 si bei ya kuchezea, ndiyo maana haifai kuminya nyingi: nyeupe kiasi cha kidole gumba, nyingine kiasi cha punje ya karanga, na kuongeza kadiri unavyokwenda.

Upepo ni mbaya kuliko mvua. Kusi ya Juni hadi Agosti, ikivuma alasiri kutoka baharini, huubeba ubao kama tanga na kuangusha izeli, kile kisimamio cha miguu kinachoshika ubao, uso chini, na daima upande wa rangi ndio unaopata mchanga. Funga mfuko wa mchanga wa kilo 4 au 5 chini ya katikati ya miguu ya izeli na uishushe hadi kimo cha kuketi. Mchanga ukishaingia kwenye rangi mbichi usiutoe kwa kidole. Acha picha ikauke, ndipo uupanguse. Uliozama utabaki, na si aibu: kwenye picha ya Monet ya ufukwe wa Trouville ya 1870, iliyoko London, chembe za mchanga zimo hadi leo.

Kivuli cha kufanyia kazi kinahitaji mwavuli, na rangi ya mwavuli ni jambo zito. Miavuli ya matangazo ya barabarani, mekundu na ya njano, na maturubai ya bluu hutia rangi yake kwenye ubao na paleti, usijue hadi ufike nyumbani. Tafuta wa kijivu au mweusi. Jua likipiga ubao moja kwa moja, utachora giza mno bila kujijua, maana kila kitu kinang'aa. Fulana nyeupe nayo hurudisha mwanga kwenye rangi mbichi. Vaa ya kijivu.

Rangi inayoshinda wengi hapa ni kijani. Kijani cha tyubu, kikitumika kama kilivyo, hufanya miti ya Dar ionekane ya plastiki. Kivuli cha mwembe ni karibu cheusi: ultramarini, sienna iliyochomwa na njano kidogo sana. Makuti yanayotazama juu si ya kijani hata kidogo, yanabeba anga na kuwa kijivu cha bluu. Kijani chenye njano kali ni cha makuti yanayopenyezwa na jua kutoka nyuma. Mvinje ni kijivu chenye vumbi. Bahari nayo ipewe haki yake: juu ya mchanga mweupe ni ya kijani, ila baada ya mvua kubwa mkondo wa Msimbazi huichafua rangi ya chai ya maziwa kuzunguka Daraja la Tanzanite, na mpaka wa maji hayo mawili ni mkali kama umechorwa kwa rula.

Kurudi nyumbani na picha mbichi kwa daladala kunahitaji ujanja. Weka mbao mbili uso kwa uso, tenganisha kwa vipande vya kizibo kwenye pembe nne, bana kwa vibanio vya karatasi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa mkobani. Mafuta yanapovuta oksijeni hutoa joto, na fungu lililobanwa linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze vikauke, au vitie kwenye kopo la bati lenye maji. Picha yenyewe iache penye mwanga na hewa. Gizani mafuta hugeuka manjano, na wakati wa masika ukungu huota.

Kama haikuisha, iandike mgongoni kama alivyofanya Mwingereza John Constable na michoro yake ya mawingu ya 1821 na 1822: tarehe, saa, upepo. Kwa pwani yetu ongeza hali ya maji. Kimo kilekile cha maji hurudi kwenye saa ileile baada ya takriban siku 15, na muda huo unatosha kwa tabaka jembamba kushika. Siku ya kurudi, ongeza matone machache ya mafuta ya kitani kwenye rangi ya juu. Tabaka la juu likiwa na mafuta machache kuliko la chini, litakauka mapema, la chini litaendelea kujivuta, na nyufa zitatokea.